Baridi Isiyo ya Chumba

Kwa miaka tisa nilianza kazi kwa kujipima mwenyewe. Kabla mgonjwa wa kwanza hajaitwa, nilibandika vipande viwili vya kunasia umeme kwenye mnofu ulio chini ya kidole gumba changu cha kulia, nikapaka jeli kwenye kifundo cha mkono, nikagusa hapo kwa kifaa chenye ncha mbili na kubonyeza. Umeme mdogo uliingia. Kidole gumba kiliruka chenyewe. Kwenye skrini lilipanda wimbi moja lenye umbo la kilima, na mashine ikaandika muda ambao taarifa ilitumia kusafiri ndani ya neva kutoka kifundoni hadi mnofuni. Milisekunde tatu nukta mbili. Nikiipata namba hiyo nilijua kwamba mashine ni nzima, nyaya ni nzima, na siku inaweza kuanza.

Namba hiyo haikubadilika. Niliwahi kujipima nikiwa na homa, nikiwa sijala tangu jana yake, na hata asubuhi niliyorudi kazini kutoka kwenye mazishi ya baba, na bado ikawa tatu nukta mbili. Wenzangu wakaniita Mizani. Jina lilianza kama utani, kisha likaingia mpaka kwenye orodha ya zamu, na mimi sikulikataa. Nilijivunia mkono wangu kama mtu mwingine anavyojivunia sauti nzuri.

Kazi yetu ni rahisi kueleza. Kila unachokigusa hugeuka kuwa taarifa, na taarifa hiyo hupanda kwenye neva hadi kwenye ubongo. Amri ya kusogeza kidole nayo hushuka kwa njia hiyo hiyo. Neva ikibanwa, taarifa huchelewa. Ikibanwa muda mrefu, taarifa hupotea njiani, na mnofu usiopata amri hukonda mpaka ukafa. Mnofu ukishakufa haufufuliwi. Mimi hupima kuchelewa huko. Katika kliniki yetu mpaka ulikuwa milisekunde nne nukta mbili. Aliyeuvuka alipelekwa kwa daktari wa upasuaji ili neva yake ifunguliwe nafasi. Asiyeuvuka alirudi nyumbani na bandeji ngumu ya kuvaa akilala.

Jambo moja huharibu vipimo hivi, nalo ni baridi. Mkono uliopoa hupitisha taarifa polepole hata kama ni mzima. Chuoni tulifundishwa kupima joto la ngozi kwanza, na kama haiwezekani kuupasha mkono, kuondoa milisekunde sifuri nukta mbili kwa kila digrii moja iliyopungua. Kipimajoto chetu cha ngozi kilikufa mwezi wa pili wa mwaka ule. Niliandika maombi ya kingine. Nilipokuwa nikisubiri, nilifanya jambo ambalo mtu asiyesoma nilichosoma asingelifikiria kamwe: niliutumia mkono wangu kama kipimajoto.

Ilianza na tatu nukta nne. Wiki mbili baadaye ikawa tatu nukta sita. Nilibadilisha nyaya, nikasugua ngozi kwa spiriti, nikapima tena. Mashine haikuwa na kosa. Wakati huo huo nilianza kuhisi baridi ndani ya chumba cha vipimo. Haikuwa baridi ya upepo. Ilitoka kwenye sakafu na kwenye miguu ya chuma ya kitanda, ikapanda bila haraka, kama maji yanavyopanda kwenye ncha ya kitambaa kilichochovywa. Nilizima kiyoyozi. Nilivaa sweta, kisha sweta la pili juu ya la kwanza. Kila kitu kililingana: chumba kimepoa, mkono wangu umepoa, kwa hiyo namba imepanda.

Mhudumu wa mapokezi, ambaye kila mtu alimwita Redio kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzimia, aliingia na faili huku akijipepea nalo. Aliniuliza kama natotoa vifaranga humo ndani. Nilipomwambia kwamba chumba ni baridi alicheka mpaka akashikilia mlango, kisha akaniangalia vizuri na kuacha kucheka. Mchana ule ule alimleta fundi wa viyoyozi. Fundi alitundika kipimajoto chake ukutani, akasubiri, akasema digrii ishirini na saba. Nilimshukuru. Nilipobaki peke yangu nilijieleza kwamba joto la hewa si joto la ngozi, jambo ambalo ni kweli, na kwamba mkono wa miaka tisa ni shahidi bora kuliko kipimajoto cha mtu aliyekaa humo dakika tano. Siku hiyo mkono ulisoma nne kamili. Tofauti ilikuwa sifuri nukta nane, yaani digrii nne za baridi. Nikaandika juu ya ukurasa wa daftari, kwa mwandiko wangu ulionyooka: ondoa sifuri nukta nane kwa kila mgonjwa.

Dada yangu alikuja kesho yake.

Dada ni fundi wa suti. Cherehani hushona mishono mirefu, na kazi hiyo mtu yeyote anaweza kuifanya. Kola, pindo za ndani na matundu ya vifungo huyashona kwa mkono, na watu huvuka mji mzima kwa ajili ya matundu hayo. Ndiye mkubwa wangu, na ndiye aliyenivalisha mpaka nikaota magego ya mwisho. Kwa miezi mitatu vidole vyake vitatu vya kulia, gumba, cha shahada na cha kati, vilikuwa vikiwaka na kufa ganzi. Alikuwa akiamka na kuukung'uta mkono kama mtu anayekung'uta unga. Pini zilimponyoka. Alipolala kwenye kitanda cha vipimo aliniambia kwa sauti ya chini, bila utani wake wa kawaida:

"Nambie ukweli, mdogo wangu. Bila mkono huu mimi ni sanamu ya dirishani, navalishwa tu."

Nilimwambia atulie. Aliuliza kwa nini chumba kinachemka, akajifuta shingo kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwani. Nilipoushika mkono wake uliniunguza. Niliona kwamba uliniunguza. Nilidhani ni kwa sababu wangu ulikuwa umepoa, na hilo nalo lilikuwa kweli. Nikabonyeza. Mashine ikaandika nne nukta tisa. Niliangalia juu ya ukurasa, nikaondoa sifuri nukta nane, nikabaki na nne nukta moja. Chini ya mpaka. Niliandika: kawaida.

"Mkono ni mzima?" aliuliza.

"Ni mzima. Umechoka tu."

Aliinuka akanikumbatia. Kisha akanishika mashavu kwa mikono miwili, akayageuza kwenye mwanga wa dirisha jinsi anavyogeuza kitambaa cha mteja, akasema uso wangu umeumuka kama maandazi na nipunguze chumvi. Akaondoka akiimba.

Baada ya hapo watu walianza kuongea haraka. Wa kwanza alikuwa Redio, na kwake sikushangaa. Wakafuata wagonjwa, kisha msomaji wa taarifa ya habari, kisha kondakta wa basi langu. Maneno yao yalinifikia yakiwa yamefungwa pamoja kama fungu la kuni, na kabla sijalifungua fungu, midomo yao ilikuwa imeshafungwa na macho yao yananisubiri. Nilianza kuangalia midomo. Nilijifunza kutikisa kichwa kwa wakati unaofaa.

Nilimpigia mama simu siku moja ya mapumziko. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa adabu mimi ni nani na simu ya mwanawe nimeipata wapi. Nilitaja jina ambalo yeye peke yake huniita. Alikata. Nilijirekodi kwenye simu ile ile na kujisikiliza. Sauti ilikuwa nzito, yenye mikwaruzo, kama ya mtu anayezungumza akiwa chini ya godoro. Nikajiambia kwamba ni mafua. Kwenye kioo cha maliwato niliona kwamba nyusi zangu zimekatika pembeni, kila upande sawasawa, kana kwamba mtu alikuja na kifutio akafuta theluthi ya nje ya kila moja.

Kisha zikaja hatua. Nilizisikia kwanza baada ya chakula cha mchana, mlango ukiwa umefungwa: mtu mmoja mzito akitembea koridoni, bila haraka, akija upande wangu. Nilisubiri agonge. Hakugonga. Nilifungua mlango. Wagonjwa sita walikuwa wamekaa kwenye benchi na hakuna aliyesimama. Nilifunga, nikakaa, na hatua zikaendelea, umbali ule ule, hazikaribii wala haziendi mbali. Mimi ni mtu wa utaratibu. Nilitazama saa ya ukutani na kuhesabu. Zilikuwa arobaini na nane kwa dakika. Niliandika kwenye daftari: hatua, arobaini na nane. Kesho yake nilihesabu tena nikapata hiyo hiyo, na siku iliyofuata hiyo hiyo.

Ikafika mahali nikanyoosha mkono kuchukua kikombe cha chai, nikaona vidole vinakigusa, nikahesabu moja, ndipo joto likaja. Nilikaa nikirudia jambo hilo, kugusa na kusubiri, kugusa na kusubiri, mpaka chai ikapoa.

Sikuogopa. Nataka lieleweke hilo. Hofu inahitaji moyo unaokimbia, na wangu ulikuwa umekaa.

Jumamosi moja, miezi minne baada ya kumpima dada, nilikwenda kwake mchana. Karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba, chenye dirisha kubwa na meza ndefu iliyochorwa chaki. Alikuwa amekaa kwenye mwanga, koti jeusi limemlalia mapajani, akishona bitana kwenye kola. Aliniambia nisogeze majora nikae. Alikuwa akinisimulia habari za mteja aliyetaka suruali ishonwe kwa kipimo cha tumbo alilopanga kuwa nalo mwezi ujao, na kwamba amemjibu alete tumbo kwanza. Nilikuwa nimechelewa maneno matatu nyuma ya hadithi, kwa hiyo niliangalia mikono yake.

Sindano ilipita kwenye kitambaa cheusi, ikapita kwenye bitana nyeupe, ikapita kwenye ncha ya kidole chake cha shahada, ikatokea upande wa pili. Akavuta uzi. Uzi ulitoka na wekundu kidogo. Akarudisha sindano. Alikuwa bado anasimulia.

Nilitaka kusema. Neno lilianza safari mahali fulani ndani yangu na mimi nikalisubiri kama yeyote aliyekuwa chumbani. Sindano ikapita mara ya pili. Ikapita mara ya tatu.

"Dada," nilisema.

Alitazama chini. Hakupiga kelele. Aliinua mkono, na koti lote likainuka nao.

Tulikaa hivyo, yeye ameinua mkono na koti linaning'inia kwenye kidole chake kwa mishono mitatu mizuri, inayolingana. Hatimaye alichukua mkasi kwa mkono wa kushoto akakata nyuzi moja baada ya nyingine. Alizivuta kutoka kwenye nyama polepole, akiuchunga uso wake usionyeshe chochote kwenye kioo cha wateja kilicho mbele yake.

"Mbona sisikii?" aliuliza.

Niliugeuza mkono wake kwenye mwanga. Chini ya kidole gumba, pale ambapo pana mnofu wa duara, palikuwa na bonde, na ndani ya bonde palikuwa na kivuli. Nilimwambia kwamba alipimwa na namba ilikuwa ndani ya mpaka.

"Namba siijui," alisema. "Nakuuliza wewe. Uliniambia ni mzima."

Jumatatu nilimpeleka kliniki mwenyewe, na nakiri kwamba sikumpeleka kwa sababu nilijua nimekosea. Nilimpeleka nikathibitishe kwamba sikukosea. Redio alipoona kidole kilichofungwa hakuniuliza chochote. Alikwenda moja kwa moja kumwita daktari wa neva, mzee mfupi ambaye kwa kawaida hatuoni ila sahihi yake. Alisimama nyuma yangu nilipokuwa nikibonyeza. Wimbi lilipanda kidogo tu, kama zulia lililokunjamana. Mashine iliandika tano nukta saba. Nilichukua kalamu na kuondoa moja kamili, kwa kuwa asubuhi ile mkono wangu ulisoma nne nukta mbili.

Daktari aliuliza naondoa nini.

Nilimweleza kuhusu baridi ya chumba. Nilieleza kwa mpangilio: kipimajoto kilichokufa, mkono wangu, digrii, hesabu. Nilipomaliza niliona kwamba dada ana jasho kwenye mdomo wa juu, daktari amefungua kifungo cha kola, na Redio amekunja mikono ya blauzi hadi mabegani. Ni Redio aliyesema, na kwa mara ya kwanza katika miaka tisa alisema polepole kiasi kwamba nilimsikia kila neno.

"Mizani, humu ndani hakuna baridi. Unakuja nayo asubuhi, na jioni unaondoka nayo."

Daktari alimshika dada mkono, kisha akanishika mimi, akabaki ameishika mikono yetu miwili kama mtu anayelinganisha matunda sokoni. Aliuachia wa dada. Wangu aliuwekea vidole kwenye mshipa na kuinua macho kwenye saa. Kisha akanitaka nipige magoti juu ya kiti, nikitazama ukuta, miguu ikining'inia nje, na nivue viatu. Aligonga kano ya kisigino kwa kinyundo cha mpira.

Kila mtu mzima akigongwa hapo, mguu huruka na kurudi kabla hujapepesa jicho. Wangu uliruka vizuri. Kisha ukabaki huko. Niligeuza kichwa nikauona umesimama hewani, wayo umeelekea darini, nami siushikilii. Ndipo ulipoanza kushuka, kidogo kidogo, kama unaoshushwa na mkono wa mtu asiyetaka kusikika. Dada alisogea hatua moja nyuma. Daktari aligonga mguu wa pili, nao ukashushwa vivyo hivyo.

"Mapigo arobaini na nane," alimwambia Redio aandike.

Wakati huo huo nilizisikia hatua koridoni, na nikageuka kuangalia mlango. Hakuna mwingine aliyegeuka. Niliweka vidole viwili shingoni mwangu, chini ya taya. Hatua zilikuwa chini ya vidole vyangu.

Alinieleza nikiwa nimekaa kwenye kitanda cha wagonjwa, na alirudia mara mbili bila mimi kumwomba. Shingoni, chini ya zoloto, kuna tezi yenye umbo la kipepeo. Humwaga kwenye damu homoni inayoziambia chembe zote za mwili ziende kwa kasi gani. Ikiacha kumwaga, hakuna kinachosimama. Kila kitu hupunguza mwendo kwa pamoja, moyo, ngozi, tumbo, sauti, fikra na neva, na kwa kuwa vyote vimepungua kwa pamoja, mwenyewe huona kwamba ni dunia iliyobadilika. Alipapasa shingo yangu kwa vidole gumba. Aliniambia nimeze mate. Akapapasa tena. "Haipo," alisema, kisha akajirekebisha: "Imesinyaa." Damu niliyotoa siku hiyo ilithibitisha keshokutwa yake.

Redio alikuwa amefungua daftari. Wagonjwa arobaini na mmoja walipunguziwa namba zao. Saba kati yao walikuwa wamevuka mpaka na mimi nikawarudisha nyumbani na bandeji. Wa kwanza kwenye orodha alikuwa amekaa mbele yangu, ameshika kidole chake kilichofungwa.

Nilitafuta njia nzuri ya kusema. Haikuwepo.

"Dada, ulikuwa umeshavuka mpaka siku ile ya kwanza. Mimi ndiye niliyekurudisha."

Aliniangalia muda mrefu, au mimi niliuona mrefu. Kisha akamgeukia daktari na kumuuliza anaweza kupasuliwa lini. Daktari alisema wiki hiyo hiyo. Alimwambia kwamba maumivu yataisha, na hisia huenda zikarudi kwa miezi, lakini mnofu wa gumba hawezi kuuahidi. Dada alisema amesikia. Kwenye ngazi aliniambia nishike ukuta nisianguke, na hilo ndilo neno pekee aliloniambia hadi siku ya upasuaji.

Wale sita wengine tuliwapigia simu. Yaani Redio aliwapigia. Mimi nilikaa kando yake na majina, kwa sababu sauti yangu iliwatisha. Aliwaambia ukweli bila kuupaka rangi, kwamba kipimo kilisomwa vibaya na warudi. Watano walirudi. Mmoja alikuwa amehama na namba yake haikupatikana, na jina lake liko juu ya meza yangu mpaka leo.

Dawa ni kidonge kidogo cheupe, kila asubuhi kabla ya kula, kwa maisha yangu yote. Wiki mbili hakikufanya lolote. Wiki ya tatu nilivua sweta moja kwenye basi. Wiki ya tano kondakta aliongea na nikamjibu kabla hajakasirika. Hatua koridoni zilisogeleana, hamsini na tano, sitini, sitini na nane, kisha siku moja nikagundua kwamba sizisikii. Mama alipokea simu na kunitukana kwa kutompigia miezi yote hiyo. Alisema kuna mwanamke wa ajabu aliyewahi kupiga akijifanya mimi.

Sikumwambia kwamba huyo alikuwa mimi, kwa sababu sikuwa na hakika. Nililisoma daftari lote la miezi ile. Mwandiko ni wangu, umenyooka, hauna kufutafuta. Mtu aliyekaa kwenye kiti changu alipokea wagonjwa kwa wakati, akafanya hesabu zake sawasawa, akaandika idadi ya hatua pembeni kila siku baada ya chakula, na hakuogopa hata mara moja. Hakuwa mgeni aliyeniingia. Nilipungukiwa na kitu kisichojaza ncha ya kijiko, na aliyebaki alikuwa huyo. Alijua kazi yangu yote. Ndiye aliyempima dada yangu. Kila asubuhi nikiweka kidonge kwenye ulimi huwa nawaza kwamba hajaenda popote, amekaa tu, na ana subira kuliko mimi.

Dada alirudi kliniki baada ya miezi sita. Siku hizi vipimo vya umeme hufanywa na mwenzangu mpya, na mimi hukagua. Dada alikuwa ameshaniambia nyumbani mambo aliyotaka kuniambia, yote, mbele ya mama, na mimi nilikaa nikayasikiliza kwa kasi yake halisi. Kisha akanipakulia chakula. Kazi ya matundu ya vifungo amempa fundi mwingine, ambaye dada humsimamia mgongoni na kumtia wazimu. Yeye anakata na kushona kwa cherehani. Watu wameanza kuona tofauti, na yeye ndiye huwa wa kwanza kuitaja.

Mwenzangu alibonyeza. Wimbi la mnofu wa gumba lilipanda theluthi moja ya kimo chake na kuishia hapo. Daktari alikuja, akaliangalia, akasema halitapanda zaidi. Dada aliitikia kwa kichwa kama mtu anayeambiwa basi limeshaondoka. Kilichobaki kilikuwa kupima mguso, na hapo alisema atapimwa na mimi au hapimwi na mtu.

Alifumba macho. Mkono wake ulilala kwenye taulo, kiganja juu, kovu jembamba likishuka katikati ya kifundo. Nilichukua kipande cha pamba nikagusa kwa wepesi nilioweza.

"Shahada," alisema. Nikagusa kingine. "Gumba." Kingine. "Cha kati."

Alipata zote, mara kumi kati ya kumi, na kila mara alijibu papo hapo. Niliweka pamba mezani, nikachukua kalamu niandike.

"Cha kati," alisema.

Niliinua macho. Mkono ulikuwa peke yake juu ya taulo. Pamba ilikuwa mezani, na mwenzangu alikuwa upande wa pili wa chumba akikunja nyaya.

"Cha kati tena," alisema. "Sasa shahada."

Ilikuwa rahisi kunyamaza. Angetoka pale akiamini kwamba vidole vyake vimerudi vyote, na uso wake ulikuwa umetulia kuliko nilivyouona mwaka mzima.

"Dada, sijakugusa."

Hakufumbua macho. Nilimweleza sababu, kwa kuwa sababu ipo na naijua: neva inayoota upya hukua kidogo kidogo kuelekea kwenye ngozi, na ikiwa njiani hutuma taarifa ambazo hakuna aliyezituma. Ubongo huzipokea kama mguso. Inaweza kuisha baada ya mwaka, inaweza isiishe. Nilimwambia kwamba mguso wa kweli anausikia, na kwamba huu mwingine atalazimika kuishi nao bila kujua upi ni upi mpaka aangalie.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa," alisema. "Lakini huyu anagusa kwa upole kuliko wewe."

Akabaki amefumba macho, mkono wazi juu ya taulo, akisubiri.